Miezi 12 haianzi siku unayonunua gari

Juzi mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani Shangani, hapa Mtwara, na leseni yake mfukoni. Akanipa shikamoo, akakaa barazani, akaitoa akaiweka juu ya mkeka. "Mamdogo, nasikia Uingereza unaendesha kwa leseni ya huku mwaka mzima. Kwa hiyo upande wa gari sina wasiwasi."

Anamfuata mkewe, ambaye ni muuguzi kule. Miaka sita sasa anaendesha Fuso, na msimu wa korosho ukifika anashusha mizigo kutoka Newala na Tandahimba hadi bandarini. Udereva wake siutilii shaka. Nilitilia shaka ule "mwaka mzima", kwa sababu na mimi niliondoka hapa na maneno hayo hayo, na yaliniponza. Nilimweleza kwa urefu, na ninayaandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Nilifika Uingereza Oktoba 2022, kazi yangu ikiwa kuhudumia wazee majumbani mwao. Kazi hiyo haifanyiki bila gari: asubuhi uko kwa huyu umwogeshe, mchana kwa yule umpe dawa, na mabasi ya mji niliokuwa hayakupita karibu na nyumba hizo. Mwajiri aliniambia leseni ya nyumbani inatosha, nisihangaike. Nikajibana, Machi 2023 nikanunua gari dogo na kulikatia bima. Kichwani mwangu mwaka ukaanza hapo. Nani angehesabu miezi mitano aliyokuwa akitembea kwa miguu?

Sheria inaihesabu. Leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12, na miezi hiyo huanza siku unapokuwa mkazi wa nchi ile, uwe na gari au usiwe nalo. Yangu iliisha Oktoba 2023. Niliendelea kuendesha hadi Januari bila kujua.

Jioni moja taa yangu ya nyuma ilikuwa imekufa, askari wakanisimamisha. Waliniuliza kwa upole kabisa: umehamia lini? Nikawajibu ukweli. Kwa kuwa leseni haikuwa na nguvu tena, na bima nayo ikaonekana haina nguvu, maana ilitegemea niwe na leseni halali. Faini ilikuwa pauni 300 na pointi 6 kwenye rekodi. Brekidauni ikaja, gari likapakiwa mbele ya macho yangu, nikabaki kando ya barabara kwenye baridi nikipiga simu. Kilichoniuma kuliko faini ni bibi mmoja aliyekuwa ananisubiri nimpashie chakula cha jioni. Alikaa na njaa mpaka mwenzangu alipopatikana. Mpaka leo nikimkumbuka, nafsi inanisuta.

Miezi 12 ikishapita, sheria inakuona kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Unaomba leseni ya kujifunzia, unabandika herufi L nyekundu mbele na nyuma ya gari, na pembeni yako lazima akae mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, aliyemiliki leseni kamili kwa miaka 3. Mtu huyo utampata wapi saa 12 asubuhi unapokwenda kazini? Mimi nilirudi kwenye mabasi, nikapoteza karibu nusu ya zamu zangu.

Ningejua mapema jambo moja, haya yote yasingenikuta. Ukiomba leseni ya kujifunzia ukiwa bado ndani ya miezi 12, masharti hayo ya L na msimamizi hayakuhusu. Unaendelea kuendesha kwa leseni yako ya Tanzania kama kawaida, huku unasoma na kufanya mitihani. Wengi wetu tunaogopa kuiomba tukidhani itafuta haki tuliyonayo, na kumbe haiifuti. Kwa hiyo wewe unayeondoka, iombe mara tu baada ya kufika na kupata anwani, alimradi kibali chako cha kukaa ni cha siku 185 au zaidi. Usingoje mpaka uwe na gari.

Mpwa akaniuliza kama haiwezekani kuibadilisha tu dirishani, kama alivyofanya rafiki yake Mzimbabwe. Haiwezekani. Zimbabwe na Afrika Kusini zimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Tanzania haimo. Na hilo Fuso alisahau kabisa: katika miezi hiyo 12 leseni yetu inafaa kwa magari madogo na pikipiki tu. Akitaka malori itabidi kwanza afaulu gari dogo, kisha aanze safari nyingine ya leseni ya lori. Alinyamaza kidogo hapo. Niliona ameumia, maana lori ndiyo kazi anayoijua, lakini heri aumie hapa barazani kuliko akiwa kule na kodi ya nyumba inamsubiri.

Mitihani ni miwili. Wa kwanza unafanywa kwenye kompyuta, ada pauni 23: maswali 50 ya kuchagua jibu, na lazima upate 43. Halafu unaonyeshwa video 14 za barabarani, unabonyeza pale unapoona hatari inaanza kujitokeza, na unatakiwa upate alama 44 kati ya 75. Kuona hatari si tatizo kwa dereva wa kusini. Mtu aliyezoea bodaboda kuchomoka kichochoroni na mbuzi kukatiza barabara ya Mikindani jicho analo. Shida ni kidole. Ukibonyeza ovyo ovyo kwa hofu ya kupitwa, video hiyo unapewa sifuri. Mtihani ni kwa Kiingereza au Kiwelishi, mkalimani haruhusiwi, kwa hiyo anza kusoma kitabu chao cha sheria za barabarani ukiwa bado huku. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka 2.

Wa pili ni wa barabarani, kama dakika 40 na mtahini pembeni. Ada rasmi ni pauni 62 siku za kazi, 75 jioni na mwisho wa wiki. Foleni yake ndiyo inayowaangusha watu, kwani katika vituo vingi unasubiri miezi. Ndiyo maana nasisitiza uanze mapema. Na uweke nafasi kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Wapo wanaokuuzia nafasi hiyo hiyo kwa bei ya kulangua.

Mara ya kwanza nilifeli, na nilifeli kwa tabia ya nyumbani. Kulikuwa na kivuko cha pundamilia, na mama mmoja na mtoto wake walikuwa wameshakanyaga mstari. Mimi, bila kuwaza, nikakaza mwendo nipite kwanza, kama tunavyofanya hapa sokoni ambako mwenda kwa miguu ndiye anayesubiri. Mtahini akakanyaga breki ya upande wake. Makosa madogo wanavumilia mpaka 15, ila kosa kubwa moja linatosha. Nikalipa mwalimu wa udereva, pauni 38 kwa saa, masaa sita, na karibu yote tulikuwa tunafuta mazoea. Kutazama vioo mpaka mtahini akuone unatazama. Kutopiga honi kumsalimia mtu. Na katika makazi ya watu hairuhusiwi kupiga honi ukiwa kwenye mwendo kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 1 asubuhi, isipokuwa kuna hatari. Kwenye kiplefti, anayetoka kulia kwako anapita kwanza hata kama wewe uko kwenye gari kubwa kuliko lake. Sheria hiyo na sisi tunayo. Tumeacha tu kuifuata.

Namba za mwendo ni maili. Ukiona 30, hiyo ni kama kilomita 48 kwa saa. Barabara yenye taa za mtaani na isiyo na kibao chochote, chukulia ni 30, na ukiwa Wales ni 20 tangu Septemba 2023.

Kwa wale mliozoea kuvuka Ruvuma na leseni zenu, kwa kivuko cha Kilambo au Daraja la Umoja, msidhani kila nchi ni kama Msumbiji. Anayekwenda Ujerumani ana miezi 6 tu badala ya 12, na kule wanapita kulia.

Kabla hujaondoka, tazama tarehe ya mwisho ya leseni yako. Ikiisha ukiwa ugenini, hata hiyo miezi 12 haikusaidii. Huku kuihuisha ni shilingi 70,000 kwa miaka 5. Na kama uliipata bila kupita darasani, tafadhali, nenda VETA ukae wiki chache. Mtwara kipo chuo, Lindi kipo.

Tulipomaliza, mpwa aliigeuza leseni yake akaisogeza kwenye mwanga wa taa. Inaisha Machi, na tiketi yake ni ya Februari. Tukafungua kalenda ya simu, tukaandika tarehe atakayotua, tukahesabu miezi 12 mbele na kuweka kengele, kisha nyingine ya mwezi wa kwanza: "omba leseni ya kujifunzia." Alilala hapa hapa. Asubuhi akaenda kuihuisha.