Jibu: Vijifereji kwenye jiwe, ni minyoo au mizizi?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, jiwe lako la mchanga lina vijifereji vilivyojazwa udongo mgumu wa rangi nyingine, na unauliza kama ni minyoo iliyogeuka jiwe au mizizi.

Minyoo yenyewe sidhani. Mwili laini huoza upesi. Kinachobaki mara nyingi ni shimo lake. Anza na unene: chukua lenzi, fuata kifereji kimoja mwanzo hadi mwisho. Mzizi hupungua unene kadiri unavyokwenda na hutoa matawi membamba zaidi. Shimo la mnyama kwa kawaida lina upana uleule njia nzima. Halafu tazama ubavuni mwa jiwe: kifereji kikikata matabaka, kuna mnyama aliyechimba au mzizi uliopenya kwenye mchanga. Ukikuta mchoro mweusi, bapa, kama jani la kangaga kwenye ufa, achana nao. Hayo ni madini ya manganizi, yamewadanganya wengi.

Ila usiniulize ni mnyama gani. Wanyama tofauti huacha mashimo yanayofanana, na mmoja huacha alama tofauti akitambaa, akila au akipumzika. Ndiyo maana alama zenyewe hupewa majina, tofauti na ya wanyama. Zinachotuonyesha ni mwenendo: nyayo za Laetoli, Tanzania, za miaka milioni 3.66 hivi iliyopita, zinaonyesha viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili.

Usilisugue jiwe kwanza. Piga picha ya ubavuni, mwanga utokee pembeni, weka rula kando yake, kisha uitume hapa.