Nesi mpya anataka kuacha kazi, mlezi atamsaidia?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi, chuo nimemaliza, leseni ninayo na kazi nimepata ila naona bora niache tu. Wodini naachiwa wagonjwa wengi, nikiuliza kitu naambiwa kwani chuo ulisomea nini, usiku nashtuka nawaza ile dozi niliyotoa ilikuwa sahihi kweli? Nasikia kuna sehemu nesi mpya anapewa mlezi wa kazi, inasaidia au ni maneno tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Inasaidia, tena sana. Na usijione hufai, hayo mtafiti wa Marekani Marlene Kramer aliyaandika tangu 1974, kwamba nesi anatoka chuo na picha yake ya kazi halafu anakutana na wodi yenyewe, na ule mshtuko ndo unawakimbiza wengi mapema. Inauma, maana WHO mwaka 2020 walisema dunia ina upungufu wa manesi milioni 5.9.

Sasa hapa watu wanachanganya. Yule anayekuonyesha kazi wiki za mwanzo, dawa zinakaa wapi, ripoti inaandikwaje, mara nyingi ndo huyohuyo anayesaini kwamba umeiva. Mlezi ni nesi mzoefu mwingine, yeye hakupi maksi, kwa hiyo unaweza kumwambia jana niliogopa kumpigia daktari bila kuwaza itamfikia inchaji, yaani mkuu wa wodi. Mimi naona faida kubwa ipo hapo, maana nesi anayeficha asichokijua ni hatari kwa mgonjwa, na yeye mwenyewe woga unamla mpaka anaandika barua ya kuacha. Mlezi atakufundisha kati ya wagonjwa wote hao uanze na nani, hali ya mgonjwa umwelezeje daktari kwa ufupi, na siku mgonjwa akifia mikononi mwako una mtu wa kukaa naye.

Ila mlezi wa kwenye karatasi tu, shifti zenu hazikutani, huyo hasaidii kitu, lazima muda wenu uwekwe kwenye rosta. Na wodi ikielemewa, uongozi uongeze watu, mlezi hawezi kuziba hilo pengo.

We kabla ya barua tafuta nesi mzoefu mmoja asiyekukaripia, hata wa wodi nyingine, muombe muwe mnaonana kila wiki hata nusu saa. Kisha muombe inchaji akupange shifti moja na wazoefu kwa sasa, hasa za usiku. Na dozi usiyo na uhakika nayo usitoe, uliza, ukijibiwa vibaya muulize mwingine.