Uchovu wa Kuukimbiza Kila Uzushi

Kwa karibu miaka miwili nililala na simu chini ya mto, na jambo la kwanza nililofanya kila alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, lilikuwa kutazama ni uzushi gani mpya wa kisiasa ulioingia usiku katika makundi ya WhatsApp niliyojiunga nayo. Niliamini kwamba huo ndio wajibu wa mwananchi anayeipenda nchi yake. Hatimaye nilifika mahali ambapo sikutaka tena kusikia habari za uchaguzi wala za bunge, na aliyeanza kuzungumzia jambo lolote la umma mbele yangu nilimkatiza.

Nakumbuka usiku mmoja hasa. Mjomba wangu alituma katika kundi la ukoo picha ya masanduku ya kura yaliyotupwa kando ya barabara, pamoja na maneno makali yaliyodai kwamba matokeo yalikwisha kupangwa. Nilikaa zaidi ya saa mbili nikitafuta chanzo cha picha ile, nikagundua kwamba ilichapishwa miaka kadhaa nyuma na katika nchi nyingine kabisa, kisha nikaandika maelezo marefu na kuweka viungo vitatu vya uthibitisho. Hakuna aliyejibu hadi asubuhi, na aliyejibu alikuwa mjomba mwenyewe: "Ahsante mpwa wangu, lakini siku hizi wote ni waongo, hata hao unaotuletea wewe." Kabla ya adhuhuri picha nyingine mbili zilikuwa zimeingia.

Jibu lile liliniuma kuliko picha. Nilikuwa nikidhani kwamba uzushi hutungwa ili watu wauamini, kumbe mjomba hakuwa ameamini uongo wowote mahususi. Alikuwa ameacha kuamini chochote. Mwanafalsafa Hannah Arendt alilieleza jambo hili katika mahojiano ya miaka ya 1970, aliposema kwamba watu wanaodanganywa kila siku hawaishii kuuamini uongo, bali huishia kutoamini kitu chochote, na watu wa namna hiyo hupoteza uwezo wa kupima mambo na wa kutenda. Mpiga kura aliyefikia hali hiyo hana haja ya kushawishiwa, kwa kuwa atabaki nyumbani kwa hiari yake. Nami, pamoja na viungo vyangu vyote, nilikuwa nikielekea kulekule.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini walisema hivyo kabla ya simu hizi. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa watafiti wa chuo cha MIT kuhusu habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, na walikuta kwamba habari za kweli zilichukua muda wa takribani mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500 kuliko za uongo, na kwamba waliochangia sana tofauti hiyo walikuwa watu wenyewe, si programu za kujiendesha. Niliposoma hayo nilihisi mzigo ukinitoka mabegani, kwa sababu nilielewa kwamba mbio nilizokuwa nikikimbia hazina mtu mmoja awezaye kuzishinda, hata akikesha.

Kwa hiyo nilipunguza. Simu sasa inalala sebuleni, habari nazisoma mara moja kwa siku, jioni mapema, na ujumbe wenye alama ya mishale miwili, ile inayoonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi, siufungui kwa haraka. Lakini ningekudanganya kama ningesema kwamba kupunguza kulitosha, maana mtu aliyevunjika moyo akipumzika tu hurudi na moyo uleule. Kilichonirudishia nguvu ni kuchagua jambo moja, nalo ni fedha za shule za umma, na kulifuata katika nyaraka zenyewe za bajeti na katika vikao ambako wananchi huruhusiwa kuhudhuria. Huko nilikutana na watu wa vyama tofauti waliokuwa wakibishana juu ya idadi ya madawati, nami nikajikuta nikibishana nao bila chuki, jambo ambalo lilikuwa limenitoka kwa muda mrefu. Nakushauri nawe uchague lako, na uchague dogo kuliko unavyotamani, ili uweze kuona kama limesogea.

Kuhusu mjomba, niliacha kumsahihisha mbele ya ukoo mzima, kwani mtu mzima akisahihishwa hadharani hulinda heshima yake kwanza. Nilimpigia simu nikamuuliza kinachomtia wasiwasi. Alizungumza muda mrefu juu ya ahadi alizopewa kwa miaka mingi zisizotimizwa, na katika hizo hapakuwa na uzushi hata mmoja, nilimkubalia. Ndipo akaniuliza kura huhesabiwaje, nikamweleza habari za mawakala wa vyama wanaoshuhudia hesabu kituoni. Bado hutuma picha za ajabu katika kundi. Juzi, hata hivyo, moja aliileta kwangu kwanza, na chini yake ameandika: "Mpwa, hii umeiona? Iangalie ukipata nafasi, si lazima leo."