Ukingo nyuma ya nyumba unameguka kila mvua

SWALI: Nyumba yangu iko kwenye mteremko, Mwanga, Kigoma mjini. Nyuma yake kuna ukingo wa udongo uliochongwa, kimo mita 3, urefu mita 12. Juu nimepanda migomba, lakini mvua zikikolea unameguka. Nifanye nini?

JIBU: Migomba ikate, usiing'oe, maana mashimo yatakunywa maji. Mizizi yake mingi hukaa juujuu, na mashina yaliyojaa maji yanaulemea ukingo. Mchikichi pia usiupande pale mdomoni.

Kinachoshika mteremko ni mizizi myembamba, mingi, inayoshuka kupita pale udongo unapotaka kukatikia. Hapo tunapendekeza majani ya vetiva, nyasi ndefu zinazoota kwa mashina yaliyosongamana. Mizizi yake hushuka wima mita 2 hadi 3 udongo ukiruhusu, na mmea hunyonya maji yanayoulainisha udongo.

Ukingo ukiwa umesimama wima, uchonge kwanza ulale: kila mita 1 ya kimo, rudi nyuma mita 1. Kama nafasi haipo, majani peke yake hayatoshi. Jenga ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji. Juu ya ukingo chimba mfereji wa kuyapeleka maji pembeni, wenye mwinamo ili yasituame. Maji ya paa yapite kwenye gata.

Panda Novemba, udongo ukishalowa vizuri. Gawanya mashina ya vetiva, kila mche uwe na vichipukizi 2 au 3. Majani yakate yabaki sentimita 20, mizizi sentimita 10. Mistari ikate mteremko kwa usawa mmoja, ipime kwa fremu A, yaani miti mitatu iliyofungwa kama herufi A na kuning'inizwa kamba yenye jiwe la kuonyesha usawa. Mche na mche sentimita 15, mstari na mstari mita 1. Kila mstari utakula miche 80 hivi. Kwa mistari 4 andaa 350, kwa sababu mingine itakufa na pengo ni hatari kuliko watu wanavyodhani: maji yote yaliyozuiwa na mstari hukimbilia hapo na kuchimba korongo. Ziba mapengo kabla mwezi haujaisha. Mbuzi wasifike, na kivuli kisiwepo, vetiva haikui vizuri kivulini.

Msimu wa kwanza mizizi bado haijashika. Ukiona ufa uliopinda kama upinde juu ya ukingo, huo ni mporomoko unaoanza chini zaidi ya mizizi: hamisheni vitanda kutoka vyumba vya nyuma siku hiyohiyo, kisha mwite mhandisi wa manispaa.