Kuta na sanamu za Dar, Nairobi na Mombasa: jibu kwa mleta uzi

Mleta uzi, umesema mwezi ujao unapanda basi kwenda Nairobi, kisha Mombasa, na unataka kuona michoro ya ukutani na sanaa ya barabarani bila kumlipa mtu wa kukutembeza. Mchangiaji mmoja hapo juu amekujibu kwamba huku kwetu sanaa hiyo haipo, labda uende Berlin. Napingana naye kabisa. Ipo tele, ila haionekani ukiwa ndani ya gari, na anayeitafuta kwa kufananisha na picha za Ulaya ataipita bila kuitambua. Nimeizunguka miji hii kwa miguu kwa miaka mingi, mara nyingine kikazi, mara nyingine kwa mapenzi tu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Wenye haraka mnisamehe.

Kwanza, usiitenge sanamu ya serikali na mchoro wa kijana wa mtaani. Vitazame pamoja. Barabarani watu wanabishana kuhusu nani akumbukwe. Mwenye mamlaka anasimamisha shaba mchana, mbele ya bendi na wageni rasmi. Asiye nayo anakuja usiku na kopo la rangi. Mimi nikiingia mji wowote natembea na swali moja: hapa nani aliruhusiwa kuweka alama yake, na nani aliiweka bila kuruhusiwa? Ukiwa na swali hilo hata mtaa uliokwisha kuuzoea utakupa habari mpya.

Anzia hapahapa Dar kabla hujapanda basi. Sanamu ya Askari pale Samora wengi wetu tunaitumia kuelekezana njia tu. Siku moja isogelee. Ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na bayoneti yake imeelekea bandarini. Kwenye msingi kuna maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na yale ya Kiingereza aliyatunga Rudyard Kipling. Yasome yote bila haraka. Yanawataja askari wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, na yanawataja pia wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi.

Ukifika Nairobi, nenda Kenyatta Avenue ukautazame mnara ndugu wa huo, wa mchongaji yuleyule. Kule wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mara ya kwanza nilipomwona nilishindwa kuondoka. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kambi yao ndiyo iliyoiachia Kariakoo yetu jina; Nairobi nako ni vivyo hivyo. Lakini Dar, aliyesimama juu kabisa ni askari peke yake na bunduki yake. Nairobi mpagazi amepewa kimo sawa na wenzake. Tofauti hiyo hutaikuta kwenye kitabu cha watalii. Lazima uwe umesimama mbele ya vyote viwili.

Na kwa kuwa ndugu yetu ametaja Ujerumani, nimpe kisa cha huko kinachotuhusu. Kabla ya Waingereza, Dar es Salaam ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyozinduliwa 1909. Yeye alisimama juu, na chini yake kulikuwa na askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua uso. Waingereza walipouteka mji waliichukua kama ngawira, na baadaye ikarudishwa kwa Wajerumani. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968, na safari hiyo haikusimamishwa tena. Kwa hiyo sanamu iliyowekwa kwenye ardhi yetu ili tuitazame kwa unyenyekevu ilikuja kuangushwa na vijana wa Kijerumani wenyewe. Mtu asituambie historia ya sanaa ya barabarani ni ya kwao na sisi hatumo.

Sasa Nairobi. Toka Kenyatta Avenue, ingia Kimathi Street, utamkuta Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya Waingereza. Sanamu yake ilizinduliwa na Rais Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Ameshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, nywele zimesokotwa. Kabla hujaenda, itafute ile picha maarufu aliyopigwa alipokamatwa 1956: amelazwa chini, amefungwa pingu, waliomkamata wamemzunguka. Kwa miaka hamsini hiyo ndiyo sura yake ambayo watu wengi waliijua, na iliwekwa machoni mwao na waliomuua. Aliyeagiza sanamu alitaka ibadilike: ainuke, asimame, awe na silaha zake. Hata ambao mambo ya uchongaji hayawahusu, pale hawakosi la kusema. Wakati wa chakula cha mchana watu huketi kuzunguka msingi wake, na ukisalimia vizuri utapata darasa la bure. Wazee wa Nairobi wanazungumza, mradi usianze kwa kutoa simu mfukoni.

Sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya iko Moi Avenue, si mbali na mahali alipopigwa risasi Julai 1969. Mpitie pia, uone ndege waliochongwa pamoja naye. Ni ukumbusho wa wanafunzi aliowasaidia kusafiri kwa ndege kwenda kusoma Marekani.

Kisha nenda Muindi Mbingu Street, kando ya City Market. Mwaka 2012 mpigapicha na mwanaharakati Boniface Mwangi pamoja na kundi la wachoraji wa grafiti walichora pale, usiku, mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi. Asubuhi watu wakienda kazini wakaukuta ukuta unawaeleza walivyoibiwa tangu uhuru. Na mtaa wenyewe unabeba jina la mtu aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 kwenda Nairobi kupinga mifugo yao kunyang'anywa na serikali ya kikoloni. Sijui kama wachoraji waliuchagua mtaa kwa sababu hiyo, lakini mimi siwezi kupita pale bila kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Hapa nisisitize jambo moja: usiende ukitegemea kuukuta mchoro uliouona kwenye picha. Michoro ya namna hii haikai. Hufutwa, hupakwa tangazo la soda juu yake, au ukuta wenyewe unavunjwa. Kwa hiyo ukiona kilichokugusa, piga picha siku hiyohiyo, na uandike jina la mtaa na tarehe. Nina picha za kuta ambazo leo ni maghorofa. Watoto waliokulia mitaa hiyo wananiomba niwatumie.

Kibera ni habari ya peke yake. Wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, mwaka 2008, msanii wa hapohapo anayejulikana kama Solo 7 alizunguka akiandika maneno ya amani kwenye kuta, mabati na barabara, akiwaomba Wakenya wenzake watulie. Hakuwa na kibali cha mtu wala mfadhili. Mwaka uliofuata akaja Mfaransa anayejiita JR, akafunika mapaa ya Kibera, eneo la kama mita za mraba 2,000, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa pale. Picha zilichapwa kwenye vinaili isiyopitisha maji, hivyo zikazuia mvua kuvuja kwenye nyumba. Nyingine akazibandika kwenye mabehewa ya treni: macho juu ya treni, sehemu ya chini ya uso kwenye mabati yaliyopangwa mteremkoni, na treni ikipita uso unakamilika kwa muda mfupi tu. Dunia nzima iliandika habari ya JR. Sina ubaya na kazi yake, na kuziba paa linalovuja ni heshima kubwa kwa mwenye nyumba. Lakini ukiniuliza nani kati ya wawili hao alibeba hatari, ni yule aliyeandika akiwa mwenyeji wakati moto haujazimika. Kibera usiende peke yako kama hujui mtu. Tafuta mwenyeji, mlipe muda wake kwa haki, na usipige picha za nyumba za watu kama vile uko mbugani.

Halafu zipo nganya, yaani matatu zilizopambwa kwa michoro. Mleta uzi hukuzitaja, lakini kwangu matatu za Nairobi ndiyo nyumba kubwa ya sanaa mjini, na inatembea. Mwaka 2004 sheria za waziri Michuki ziliziamuru zote zivae rangi moja na mstari wa njano, michoro ikapotea, na ilichukua miaka kama kumi hadi serikali ilegeze. Simama jioni mahali zinapopakilia abiria wa Rongai utazame zinavyoingia: sura za wanamuziki, manabii, wacheza mpira, kila moja imepulizwa rangi kwa mkono na kijana aliyelipwa na mwenye gari bila ruzuku ya mtu. Muombe makanga (konda) ruhusa kabla ya kupiga picha. Mara nyingi atakukubalia na atakutajia aliyechora.

Kinachoniuma zaidi, na hapa narudi kwetu kidogo, ni vibao vya mkono. Vinyozi wenye mitindo ya nywele iliyochorwa ukutani, mama lishe na sahani yake ya wali na samaki, fundi pikipiki na injini iliyochorwa kwa subira ya ajabu. Hiyo ndiyo sanaa niliyoiona mapema kuliko yote maishani, na inaondoka. Mabango ya kuchapwa kwa mashine ni ya haraka na bei yake inashindana. Mzee mmoja mwandishi wa vibao, Morogoro, nilimwamkia nikamuuliza kazi inaendaje. Akaniambia, "Mwanangu, bango la mashine jua likilipiga linapauka, halafu wananirudia mimi. Lakini wanarudi wachache." Tukumbuke kwamba Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya ubao wa kukandamizwa (hardboard), akauza barabarani Oysterbay. Leo jina lake linajulikana duniani. Kwa hiyo ukipita miji midogo njiani, Korogwe, Same, Voi, usilale kwenye basi. Likisimama watu wanunue chakula, shuka, tembea hatua chache nyuma ya stendi, utazame kuta za saluni.

Mombasa utashukia mjini na utapelekwa Mapembeni, Moi Avenue, kwenye zile pembe nne kubwa za bati la alumini zilizojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ugeni wa kifalme wa Uingereza. Kila mtu anapiga picha pale, piga nawe, kisha uendelee. Utajiri wa Mombasa uko Mji wa Kale. Pita asubuhi mapema au alasiri, jua likiwa limelala, kwa sababu nakshi za milango hazionekani jua la utosini. Zinahitaji kivuli ili mchoro uinuke. Tazama kizingiti cha juu, mahali palipoandikwa mwaka au aya, kisha nguzo ya katikati. Milango hii ni sanaa ya hadharani kwa maana kamili: mwenye nyumba aliilipia, lakini anayeifaidi ni mpita njia. Ukimkuta mtu barazani, msalimie, omba ruhusa, usimpige picha mama aliyeketi mlangoni.

Halafu ingia Fort Jesus. Watalii wanakimbilia mizinga. Wewe ulizia michoro ya Wareno. Kuna ukuta ambao mabaharia na askari wa karne ya 17 waliuchora kwa mkaa na udongo mwekundu: majahazi, watu, samaki. Hawakuagizwa na mfalme. Walikuwa watu waliochoka kulinda ngome mbali na kwao, wakatafuta ukuta mtupu.

Na ndugu wa Berlin, hata hao hawakuwa wa kwanza katika pwani yetu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuna vyombo vya baharini vilivyochorwa kwa ncha kali kwenye lipu ya majengo ya kale, vingine na tanga la mraba kama la mtepe, ile mashua ya kale ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, na wenyeji waliviweka pale karne nyingi kabla hatujalijua neno grafiti. Mleta uzi, ukirudi na ukabakiwa na siku mbili tatu, teremka kusini. Kibali unalipia Kilwa Masoko kabla ya kuvuka kwa mashua. Mwambie wazi mtu atakayekuongoza kwamba unataka kuona michoro ya vyombo ukutani, maana usipoiulizia atakuonyesha msikiti na magofu ya jumba la Husuni Kubwa na kukurudisha. Nenda na tochi ndogo, uimulike ukutani kwa ubavu, si moja kwa moja, mistari itajitokeza. Usiiguse kwa kidole, lipu ni ya zamani na inamomonyoka.