Kula Noeli ugenini kwa pesa kidogo

Jarida limetuuliza wiki hii kama inafaa mtu kula Noeli katika nchi ya wengine akiwa na begi la mgongoni na pesa ya kuhesabu. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, kwa sharti moja: sikukuu imkute ametulia mahali pamoja, karibu na kanisa, na si njiani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Katuba, Lubumbashi, na likizo ya Desemba ndiyo nafasi yangu ya kutembea. Noeli ninayoisimulia niliila Mbeya, Tanzania, baada ya kupita Zambia kwa mabasi.

Njia yenyewe haina siri, ila inakula muda. Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni kama kilomita 90 tu, lakini Noeli inapokaribia, malori ya shaba na watu wanaorudi kwao huweza kumshikilia msafiri hapo siku nzima. Baada ya hapo unapita Kitwe na Kapiri Mposhi, kisha unaishika barabara ndefu ya kaskazini hadi Nakonde, na katika sehemu kubwa ya safari hiyo Kibemba, ambacho wengi wetu wa Katanga tunakisikia tangu utotoni, kitakusaidia kupata bei nzuri na kiti kizuri. Ukivuka kuingia Tunduma, saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja, na asiyelijua hilo ataachwa na basi la asubuhi la kwenda Mbeya. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae mfukoni, isizikwe chini ya nguo, kwa sababu sisi tunaotoka Kongo tunaulizwa kadi hiyo.

Jambo la pesa nalisisitiza zaidi, kwani ndilo linaloharibu Noeli za vijana wengi. Sisi wa Lubumbashi tumezoea kulipa kwa dola, hata kodi ya nyumba, na tunadhani dola inapita kila mahali. Tanzania, tangu mwaka 2025, kanuni zinakataza watu kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Gesti na chakula hulipwa kwa shilingi. Sasa, tarehe 25 na 26 Desemba zote mbili ni sikukuu za taifa huko, tofauti na kwetu ambako tarehe 26 ni siku ya kazi, kwa hiyo benki zinafungwa siku mbili mfululizo, na zikiangukia karibu na mwisho wa juma, kungoja kunarefuka. Anayefika jioni ya tarehe 24 na dola mkononi anaweza kulala njaa huku ana pesa. Ndiyo maana nasema afike mapema, abadilishe fedha, anunue mkate, sukari na maji, kisha aulize saa za Misa.

Kuhusu malazi sina mengi. Gesti za karibu na stendi ni rahisi lakini zina kelele usiku kucha. Nyumba za wageni za makanisa, na Mbeya Wakatoliki, Wamoravian na Walutheri wote wapo, ni tulivu na safi, mradi uulize kabla wahudumu hawajaenda makwao.

Kwenye Misa ndipo Noeli inapoanza kweli. Kabla ya baraka ya mwisho, wakati wa matangazo, wageni huombwa wasimame na kujitambulisha. Usibaki umekaa kwa aibu. Nilisimama, nikasema nimetoka Lubumbashi, kanisa zima likapiga makofi, na tulipotoka nje mama mmoja wa jumuiya akaniambia, “Mwalimu, huwezi kula sikukuu peke yako gesti, twende nyumbani.” Jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya Wakristo majirani wanaosali na kusaidiana, tunazijua pia kwetu: zilianza kushika Kongo miaka ya 1960, na Afrika Mashariki zikaenea miaka ya 1970, hivyo nilijua nimekaribishwa na watu wa aina gani. Nyumbani kwake nilipewa ungo wa mchele wa Kyela nichambue mawe pamoja na binti zake, wakati kuku anakatwakatwa na iliki inatwangwa kwa ajili ya pilau. Nilikuwa nimebeba sukari na majani ya chai, na nawasihi wasomaji wenzangu wasiende mikono mitupu: pesa uliyookoa kwa kukosa hoteli ndiyo hiyo ya kununulia kitu cha kupeleka kwa aliyekualika.

Sitaficha kwamba upweke upo. Aliyezoea Misa ya kuchezwa kwa utaratibu wa Kizairi, yaani wa Kongo yetu ilipoitwa Zaire, ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988, ataikumbuka sana ngoma ya kwao atakapokuwa katikati ya kwaya asiyoifahamu, hata ikiimba vizuri kiasi gani. Upweke huo hautibiwi kwa kubadilisha mji kila siku. Hupungua unapoitwa kwa jina na mtu anayekuuliza kama umeshiba.

Vijana kadhaa hapa mtaani wananiambia kwamba Noeli ya ugenini ni Zanzibar au si kitu. Naipenda Zanzibar, na kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, linastahili kutembelewa na kila Mwafrika. Lakini mwisho wa Desemba ndio msimu wa watalii wengi na bei za juu kabisa, na mwenye pesa kidogo ataishia kuwatazama wenzake wakila. Wakati wa masika, Aprili na Mei, vyumba hushuka bei, na mwenye kuvumilia mvua atakaa siku nyingi zaidi kwa pesa ileile. Kwa Desemba nawaelekeza Mbeya, au hata Kitwe kwa asiye na nauli ya mbali, na wakate tiketi ya kurudi ya tarehe 27, sikukuu zikiwa zimekwisha.

Msomaji wenu, Katuba, Lubumbashi