Wasifu wa mzazi hauandikwi usiku wa msiba

Saa nne usiku, chini ya turubai, kaka yangu ameshika kalamu na karatasi ina mstari mmoja tu: "Marehemu alizaliwa mwaka..." Hapo tukakwama. Kadi ya mama ya mpiga kura ilisema 1957. Mama mkubwa, aliyekuwa amejilaza mkekani tukidhani kasinzia, akainua kichwa: "Nani kasema 57? Mimi naanza shule yeye anatembea." Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane mchana, na MC alishatuonya kwamba familia ina dakika tano.

Mama alifundisha shule za msingi wilayani Kilosa miaka arobaini, akastaafu 2017, akafariki miaka sita baadaye. Sisi watoto wake wanne, wote tumesoma, tulishindwa kujaza ukurasa mmoja. Hatimaye tukaandika kile ambacho kila mtu huandika: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, akaugua, ameacha watoto wanne na wajukuu tisa. Ukibadilisha majina, karatasi ile ingeweza kusomwa kwenye msiba wa mtu yeyote.

Sehemu ya kujitetea tunayo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yale Mto Mkondoa ulipofurika mpaka reli ikang'oka na watu wakahamia kwenye mahema, yaliondoka na sanduku letu la bati. Ndani mlikuwa na picha zote za ujana wake. Barua yake ya ajira na za kupandishwa daraja zilipona kwa sababu moja tu: alikuwa amezipeleka mjini kutoa kopi wiki mbili kabla, akazisahau kwa mdogo wake. Kwa hiyo kama mzazi wako ni mtumishi na nyaraka zake ziko chini ya godoro, zipige picha leo, uzitume hata kwa watu watatu. Hilo ni dogo. Linalonisumbua mimi ni yale ambayo hayakuwa na karatasi kabisa.

Na yale tuliyoyafuta wenyewe. Mama alikuwa mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Aliyezaliwa juzi nimweleze: Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba ikifika 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo. Serikali ikachukua makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu hukohuko vijijini huku wakishika chaki. Watu wakaigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu", na mzaha huo ukawafuata wenzake mama mpaka uzeeni. Hii ni nchi ambayo Rais wake wa kwanza aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 na bado akazikwa 1999 akiitwa Mwalimu, lakini wale waliobeba mzigo wenyewe tukawacheka.

Basi usiku ule niliandika "alijiunga na mafunzo ya ualimu wa UPE mwaka 1976". Mjomba akaomba karatasi, akaikata UPE kwa mistari miwili. "Andika mafunzo ya ualimu, inatosha. Watu watakuja na magari hapa." Sikubishana. Ni mjomba, na ni msiba. Nilijuta baadaye.

Ninachokijua kuhusu mafunzo yale nilikipata kwa bahati. Mwaka mmoja kabla hajafa tulikuwa tunachambua mchele uani, nikawasha simu nimrekodi akimwimbia mjukuu, nikasahau kuizima. Nina dakika arobaini: jogoo, ungo, na mama anaeleza jinsi walivyofuata vipindi vya mafunzo kwenye redio, vijana saba na redio moja iliyoazimwa. Betri zikichoka wanazianika juani juu ya paa mchana kutwa ili jioni zisukume nusu saa ya mwisho. "Siku za mvua," anasema, "hatukusoma." Halafu anacheka, anarudi kwenye mawe ya mchele.

Hapo ndipo nilipojifunza namna ya kuwauliza wazee. Niliwahi kumwekea kiti na daftari nikamwambia, "Mama, nisimulie maisha yako." Alinitajia tarehe tatu akanyamaza, kama yuko mbele ya mkaguzi. Mtu aliyetumia maisha yake kuuliza maswali hapendi kuulizwa. Mpe kitu mikononi, mchicha, maharage, nguo za kukunja, halafu uliza kitu kidogo: mshahara wa kwanza ulinunua nini? Mlilala wapi siku ulipohamishwa? Jibu la swali dogo linakuja na vitu vingine vimeng'ang'ania, kama kung'oa magimbi.

Tena usimwulize yeye tu. Yaliyobaki tuliyasikia msibani, na kwa kuchelewa. Wasifu uliposomwa, watu walitulia kwa heshima. MC alipouliza kama kuna mwenye neno, akasimama mzee wa kijiwe cha bodaboda ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemfahamu. Akasema yeye alikuwa mchelewaji sugu wa shule. Viboko havikumfaa. Siku moja mama akamkabidhi kipande cha nondo, akamwonyesha ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mwembe, akamwambia kuanzia kesho kengele ya saa moja ni yake. Asipogonga, shule haianzi. "Nilikuwa nalala na ile nondo," akasema. Akakaa.

Akafuata mama mmoja akasema yeye viboko alivipata, tena vya kutosha, na bado anavikumbuka. Turubai zima likacheka, nasi tukacheka. Ilikuwa kweli. Mama alichapa, tusidanganyane. Ukimfanya marehemu malaika, waliomfahamu wanaangaliana tu.

Na kuna la ndani ya nyumba. Kila mwaka karibu na mtihani wa darasa la saba, sebule yetu ilikuwa kambi. Watoto waliotoka mbali walilala kwetu, wakala ugali wetu, na sisi tukabanana wanne kitanda kimoja. Nilichukia miezi ile. Niliona mama yetu anagawanywa na sisi tunapata kipande cha mwisho, akiwa amechoka. Kwenye misiba tunapenda kusema "alijitolea kwa familia na jamii" kana kwamba hivyo viwili havikuwahi kugombania sahani moja. Vilikuwa vinagombana kila Septemba. Siku hizi ningeliandika hilo bila aibu, kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa alitoa nini, na alikitoa wapi.

Baada ya kustaafu alikuwa mweka hazina wa kikoba, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa na wanafunzi watatu tu, wazee wa mtaani, kibarazani, Jumanne na Alhamisi. Aliwafundisha kusoma meseji za pesa za simu, wajukuu wasiwapunje. Hilo nalo halikuwemo kwenye dakika tano zetu.

Jambo moja la ufundi kwa mtakaoandika: punguzeni orodha ya watoto, wakwe na wajukuu, wekeni majina ya shule na miaka. Niliona watu wakiinua shingo wasifu ulipofika kwenye kazi. Kila mmoja alisubiri shule yake itajwe. Tulikuwa tumeandika "alifundisha shule mbalimbali".

Siku ya arobaini tulikaa tena, safari hii na daftari la kaunta kwaya mbili. Mzee wa kengele alikuja, na mama mkubwa, na walimu wawili waliobaki katika wale vijana saba. Tuliandika upya kuanzia mwanzo, na nikarudisha UPE mahali pake: mwaka 1976, redio ya kuazima, betri juu ya paa.

Daftari lilipomfikia mjomba alivaa miwani, akasoma ukurasa ule polepole, akaurudia. Nikajiandaa kwa ile mistari miwili. Akaomba kalamu.

"Siyo 76," akasema. "Ni 77. Redio nilikuwa naibeba mimi."